Tuna wachumi, hatuna njia ya kurudi Tunguu

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iingie sokoni na sukuk yake, yaani hatifungani ya Kiislamu, mazungumzo ya barazani yamegawika pande mbili. Wako wanaouliza kama jambo hili kweli ni halali au ni riba iliyopewa jina jengine. Wako wanaouliza kama si mkopo mwengine tu wa kuongezea deni ambalo wajukuu watakuja kulilipa. Maswali yote mawili ni ya haki, na wenye elimu ya fiqhi na wenye elimu ya hesabu wanapaswa kuyajibu bila ya kukasirika. Lakini lipo swali la tatu ambalo silisikii, na kwa maoni yangu ndilo litakaloamua kama sukuk itawafaa Wazanzibari au la. Ni nani aliyekaa mezani kupanga bei yake? Kazi hiyo alijifunzia wapi? Na akishaimaliza, atamfundisha nani?

Hatuna upungufu wa watu wenye shahada za uchumi. Wamejaa, na kila mahafali yanaongeza wengine. Tulichopungukiwa ni wachumi waliopita chuoni, wakapita kwenye fedha, wakapita kwenye sera, kisha wakarudi kufundisha waliyoyaona. Njia ya kutoka chuo kikuu kwenda benki au wizarani ipo na inapitwa kila mwaka. Ya kurudi Tunguu, kilipo chuo kikuu chetu cha taifa, SUZA, hatujaijenga. Matokeo yake kila kizazi cha maofisa wetu hujifunza upya, kwa gharama ya umma, mambo ambayo waliowatangulia walishayajua. Watu wengi wanadhani tatizo letu ni wasomi kuhamahama. Mimi naona tatizo ni kwamba wanahama mara moja tu.

Tuanze na sukuk yenyewe ili ieleweke kwa nini nang'ang'ania watu kuliko karatasi. Hatifungani ya kawaida humlipa mnunuzi riba juu ya fedha aliyokopesha. Sukuk humpa sehemu ya umiliki au ya manufaa katika mali au mradi uliotajwa, na faida yake hutoka kwenye mapato ya mali hiyo, iwe ni kodi ya jengo au mgao wa biashara, kutegemea kama mkataba ni wa ijara (ukodishaji), mudharaba (mtaji wa mmoja na kazi ya mwengine), musharaka (ubia) au wa namna nyengine. Basi kabla haijafika sokoni lazima mtu akadirie mradi utaingiza nini kwa miaka mingi ijayo, na hiyo ni kazi ya mtafiti. Lazima mtu ajue wanunuzi watataka faida ya kiasi gani ili wasipeleke fedha zao kwengine, wawe ni mfuko wa hifadhi ya jamii kama ZSSF, benki kama PBZ ambayo imekuwa na huduma za Kiislamu tangu 2011, au mama mwenye akiba yake ndogo. Hiyo ni kazi ya mtu wa soko. Na lazima mtu ajue bajeti itabeba vipi malipo iwapo mradi utachelewa, na hapo anahitajika mtu wa sera. Unaweza kuwaweka watu watatu tofauti katika chumba kimoja, lakini wataelewana ikiwa angalau mmoja wao anaijua kazi ya wenziwe kwa kuifanya. Asipokuwepo, huletwa washauri elekezi kutoka nje. Wanaandika ripoti, wanalipwa, wanapanda ndege, na ujuzi unapanda nao.

Mfano ulio wazi zaidi wa mchumi wa aina ninayoisema, katika Jamhuri yetu ya Muungano, ni marehemu Profesa Benno Ndulu. Hakuwa Mzanzibari, lakini Benki Kuu ni jambo la Muungano, na noti tunazolipia nauli ya meli ya Pemba kwa miaka kumi zilikuwa chini ya ugavana wake. Alizaliwa 1950, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ambayo uchumi wa nchi ulikuwa umekwama na ubishi kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ulikuwa mkali. Kisha akawa miongoni mwa waliojenga AERC, jumuiya ya utafiti wa uchumi wa Afrika iliyoanzishwa Nairobi 1988, kwanza akisimamia utafiti na baadaye akiwa mkurugenzi mtendaji. Kutoka hapo akaenda Benki ya Dunia. Akaingia Benki Kuu ya Tanzania akiwa naibu gavana, na Januari 2008 akapewa ugavana, wakati taasisi hiyo imetikiswa na kashfa ya akaunti ya EPA, ya malimbikizo ya madeni ya nje, ambayo ukaguzi wake uligundua malipo yasiyo halali ya zaidi ya shilingi bilioni 130. Aliondoka Januari 2018, na alifariki Februari 2021.

Watu wakiisoma orodha hiyo huona vyeo. Mimi naona namna ya kufikiri iliyohama pamoja na mtu, na ushahidi wake umo mikononi mwetu kila siku. Mwaka 2008 kampuni za simu zilipoanza kutuma pesa, nchi haikuwa na sheria inayoieleza biashara hiyo. Gavana mwenye woga angeizuia mpaka sheria itungwe, na gavana aliyekaa kwenye benki maisha yake yote huenda angezilinda benki. Benki Kuu ilichagua njia ya tatu. Ilitoa barua za kutokuwa na pingamizi, ikataka fedha za wateja zihifadhiwe benki, ikaitazama huduma inavyokua na kukusanya takwimu, na ndipo baadaye, mwaka 2015, ikaja Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Huo ni mwenendo wa mtafiti. Anaiacha hali ionekane kabla ya kuihukumu, huku akiweka kinga ili jaribio lisimuumize mtu. Kabla ya hapo, aliyetaka kumpelekea mama yake pesa Micheweni alikuwa akizitia kwenye bahasha na kumkabidhi mtu anayepanda meli, akaomba Mungu ifike. Leo mchumaji wa karafuu anapokea ujira wake kwenye simu akiwa bado yuko chini ya mti.

Siandiki haya kumfanya Ndulu malaika. Fedha za akaunti ya escrow ya Tegeta, zilizowekwa zikisubiri mgogoro wa malipo ya umeme umalizike, mamia ya mabilioni ya shilingi, zilitoka Benki Kuu wakati yeye ni gavana, na taarifa ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ya Novemba 2014 ilitikisa serikali nzima hadi mawaziri wakaondoka. Hapo ndipo penye mpaka wa hoja yangu, na sitaki kuuficha. Uzoefu wa chuo, fedha na sera unamsaidia mtu kuona mbali. Haumpi nguvu ya kuzuia amri inayotoka juu yake. Nguvu hiyo inatokana na sheria na mabunge. Anayetegemea kwamba wasomi wazuri peke yao watailinda hazina anategemea kitu ambacho historia ya Tanzania haikuwahi kukithibitisha.

Jambo ambalo ninaliona kubwa zaidi katika maisha ya Ndulu, na halisemwi sana, ni AERC. Jumuiya ile ilijenga utaratibu ambao mtafiti kijana anasimama na andiko lake mbele ya wakubwa mara mbili kwa mwaka, linachambuliwa, analipeleka nyumbani kulitengeneza, kisha analirudisha. Na iliandaa semina za kuwakutanisha watafiti hao na wakubwa wa wizara na benki kuu. Baadhi ya waliokaa kwenye viti vile wakiwa watafiti walikuja kukaa kwenye viti vya upande wa pili. Hiyo ndiyo njia ya kurudi ninayoisema. Si hisani ya mtu mmoja mwema anayejitolea kutoa mhadhara. Ni ratiba, ina bajeti, na kila mtu anajua zamu yake.

Sasa tutazame kwetu. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyepata kuwa karani katika jumuiya ya wakulima wa karafuu kabla ya kwenda London, alikuwa waziri katika serikali ya Muungano na kwa muda alishika mipango ya uchumi. Aliondolewa katika Baraza la Mawaziri 1972, akawekwa kizuizini mwaka huohuo, akatoka 1978. Baada ya hapo alifundisha vyuo vikuu Marekani na Uingereza hadi karibu na kifo chake mwaka 1996. Mtu akubaliane naye au asikubaliane naye kuhusu ujamaa, ukweli ni kwamba kijana wa Kimarekani alipata nafasi ya kumuuliza Babu ana kwa ana kwa nini mipango ya miaka ile ilifeli, na kijana wa Ng'ambo, mjini Unguja, hakuipata. Balozi Amina Salum Ali alisomea uchumi India, akawa Waziri wa Fedha wa Zanzibar, akauwakilisha Umoja wa Afrika mjini Washington, akarudi kushika biashara na viwanda, wizara yenye karafuu ndani yake. Dk. Saada Mkuya Salum alitoka katika fedha za Zanzibar, akawa Waziri wa Fedha wa Muungano 2014, na baadaye akarudi kuishika wizara ya fedha nyumbani. Hawa wameuona mgawano wa fedha za Muungano kutoka pande zote mbili za meza. Mihadhara ya sherehe huwa haikosekani. Muhula mzima darasani, wanafunzi wana takwimu mbele yao na mwalimu ni mtu aliyekuwemo chumbani wakati wa maamuzi, ni jambo jengine kabisa, na ndilo ninalolililia.

Wanaopinga wana hoja zao, na si zote zenye uzito sawa. Iliyo nyepesi ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba mtu wa chuo ni wa vitabu, hana analolijua kuhusu pesa halisi, bora abakie alikobobea. Niliisikia hoja hii kwa namna yake nzuri kabisa msimu mmoja wa karafuu, Wete, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anageuza karafuu zake kwenye jamvi huku akitazama wingu. "Mwanangu," aliniambia, "hao wataalamu wenu wanaijua bei ya dunia. Hii mvua wanaijua? Pishi nailipa mimi, makonyo nayachambua mimi, ikinyesha sasa hivi hasara ni yangu." Nilimwambia, "Kweli mzee wangu, lakini nani atawaambia?" Akaniangalia tu, akaendelea na jamvi lake.

Nimeifikiria sana kauli yake, na naona inathibitisha kinyume cha anachodhani mwenye hoja ile. Bei ya karafuu inayotangazwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali na mnunuzi pekee aliyeruhusiwa, inabeba mambo matatu kwa pamoja. Kwanza kuna mkulima: gharama ya wachumaji, ya kukodi mikarafuu, ya mvua kwenye majamvi, na uwezekano wa yeye kuzipakia usiku kwenye chombo kwenda Kenya kama bei haimridhishi. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011, karafuu zilizokuwa zikipotea baharini zilianza kufika vituoni, na hilo lilifundisha kuhusu magendo kuliko doria za miaka mingi. Pili kuna soko la dunia, ambalo Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa na mlaji mkubwa, hivyo mavuno ya huko yanaamua shilingi ya Mtambwe. Tatu kuna hazina inayotaka fedha za kigeni. Anayekaa hazina tu ataiona karafuu kama mapato. Anayekaa sokoni tu ataiona kama bei ya leo.

Na historia yetu inaonesha gharama ya kukosa jicho la mtafiti. Katika miaka ya 1970 bei ilikuwa juu na Zanzibar ilikuwa na fedha, kwani Indonesia ilinunua karafuu nyingi kwa ajili ya sigara zake. Lakini miaka hiyohiyo Indonesia ilikuwa inapanda mikarafuu kwa wingi ili ijitosheleze. Mkarafuu unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Maana yake kuanguka kwa bei katika miaka ya 1980 hakukuwa ghafla: kulikuwa kumeshapandwa ardhini, kukihesabika, miaka mingi kabla. Mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu miche ya mshindani, na ambaye ana mlango wa kuingilia hazina kusema alichokihesabu, angetupa miaka ya kujiandaa. Mtu mmoja mwenye uwezo huo angelipa mishahara ya idara nzima.

Hoja nzito ni ya mgongano wa maslahi, na hii naiheshimu. Mchumi anayetoka benki kwenda kuisimamia benki, kisha anarudi benki, anaweza kuwa alikuwa anajiandalia kiti. Anayepanga sukuk leo na kesho akaajiriwa na mnunuzi mkubwa wa sukuk hiyo anatia shaka hata kama ni mwaminifu. Na sisi ni wadogo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, Unguja na Pemba pamoja. Katika idadi hii kila mkurugenzi ni shemeji wa mtu, amesoma skuli moja na mtu, anasali msikiti mmoja na mtu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Namba 4 ya mwaka 2015 ilituletea Tume ya Maadili na utaratibu wa kutangaza mali, nayo ni hatua njema. Ila kutangaza mali kunaonesha ulichonacho tayari. Hakusemi lolote kuhusu ajira uliyoahidiwa. Kwa njia hii ninayoitetea unahitajika muda wa lazima wa kukaa pembeni baina ya ofisi ya umma na taasisi uliyokuwa ukiisimamia, na chuo kikuu ndicho mahali panapofaa kukaa muda huo. Mtu anakaa mwaka au miwili darasani, siri za bei zinapoa, wanafunzi wanafaidika. Kwa hiyo wale wanaoogopa mgongano wa maslahi wangekuwa wa kwanza kuidai njia ya kurudi chuoni, kwani ndiyo dawa yake iliyo rahisi kuliko zote.

Wapo pia wanaosema kwamba vyuo vyetu vitabaki vitupu iwapo walimu wataazimwa ovyo. SUZA ilianza kufundisha 2001 tu. Ni chuo kichanga, na kumnyang'anya mwalimu mmoja hodari ni kulikata somo zima. Nakubali. Lakini tutazame kwa nini aliyeondoka harudi. Mhadhiri hupandishwa daraja kwa maandiko yaliyochapishwa, na miaka aliyoitumia wizarani kuandika makadirio ya bajeti haimhesabii andiko hata moja. Akirudi anawakuta waliokuwa wanafunzi wake wamempita cheo, mshahara umeshuka, na ofisi yake ina mtu. Kurudi ni adhabu. Halafu tunashangaa anapokubali kazi ya ushauri nje ya nchi. Hata Ndulu mwenyewe, alipotoka Benki Kuu, miongoni mwa kazi zake za mwisho ilikuwa ni kuongoza utafiti wa teknolojia na maendeleo akiwa na Chuo Kikuu cha Oxford. Waingereza walijua thamani ya gavana mstaafu anayeweza kuandika.

Hasara ya hali hii inaonekana pia kwenye takwimu zetu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali imefanya kazi kubwa. Tunajua kwamba umasikini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi asilimia 25.7 mwaka 2019/20, na tunajua Pemba imebaki nyuma ya Unguja kwa umbali unaotia uchungu. Aliyezichimba kwa undani ni Benki ya Dunia. Kwa nini utalii ulioijaza Nungwi haukuufikia mji wa Mkoani, Pemba, ni swali ambalo lingepaswa kuwa limeandikiwa tasnifu kumi na vijana wetu, wakiongozwa na watu waliowahi kuigawa bajeti hiyo. Hivyohivyo mgao wa asilimia 4.5 ambao Zanzibar hupata katika misaada ya kibajeti na gawio la Benki Kuu. Katiba ya Muungano, ibara ya 133 na 134, imeweka Akaunti ya Pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha, na bado mjadala wetu umekuwa wa kisiasa zaidi kuliko wa mahesabu. Asilimia haitetewi kwa hotuba ya Baraza la Wawakilishi, Chukwani, peke yake. Inatetewa na mtu anayeweza kuionesha kwa jedwali, kuitafsiri kwa lugha ya benki, na kuijadili akiwa ameshawahi kukaa mezani.

Kuna jambo moja linaloweza kuanza sasa, kabla ya kubadilisha miundo ya utumishi, ambayo najua itachukua muda. Sukuk inapolipa faida zake, Wizara ya Fedha iwape wanafunzi wa Skuli ya Biashara ya SUZA, Chwaka, faili lenyewe, likiondolewa tu yale ambayo kisheria ni siri: makadirio ya mapato ya mradi yalikuwaje, yametimia kwa kiasi gani, bei ilipangwa kwa hoja gani, washauri elekezi walilipwa kwa kazi ipi hasa. Na ofisa aliyekaa mezani aazimwe muhula mmoja kulifundisha, mshahara wake ukiwa palepale na cheo chake kikimsubiri. Wanafunzi hao ndio watakaopanga bei ya sukuk ya tatu au ya nne. Kwa hili haihitajiki sheria mpya wala fungu jipya la bajeti, ni saini ya Katibu Mkuu tu.